Kaa la Editha

Mchoma kuku wa stendi ya Singida hawashi jiko kwa mafuta ya taa. Nyama inanuka, anasema. Huwasha kwa magunzi, huku amelikingia upepo kwa khanga yake, akipepea taratibu kwa mfuniko wa ndoo. Mkaa ukishakolea, hubana kaa moja jekundu kwa koleo na kugeuka kushoto, pale Editha alipokuwa akichoma mahindi kabla ya kuolewa Sekenke. Editha hakuwahi kununua kiberiti. Moto wake ulitoka hapa. Jana jioni bodaboda mmoja aliyekuwa akisubiri paja la kuku akamwambia, "Mama, hapo hakuna mtu siku hizi."

"Najua, baba."

Lakini mkono haukushuka. Kaa likafifia pale hewani, likavaa jivu, ndipo akalirudisha jikoni kwa wenzake.