Mtihani wa Kuogesha Mtoto

Mwaka wa mwisho katika chuo cha masista, cheti kilitegemea mtoto mchanga. Si mtoto wako. Huyo angekufukuzisha chuo. Alitakiwa mtoto wa mtu mwingine, nyumbani kwao, mama yake akitazama. Ulimwogesha mbele ya mtawa, naye akakupa alama juu ya ishirini. Somo liliitwa huduma ya jamii. Kila Alhamisi mchana tulivaa aproni nyeupe, tukashuka kwa miguu hadi cité, mtaa wa wafanyakazi, na kila msichana akaingia kwa familia aliyopewa kuifundisha usafi, lishe na ushonaji. Familia zilituvumilia.

Ilikuwa enzi ya Katanga kujitenga. Kwenye ramani mji wetu uliitwa Jadotville, sisi tukisema Likasi, na nchi ilikuwa na bendera yake, rais wake na stempu zake. Ilikuwa changa kuliko mdogo wangu wa mwisho, ambaye bado alikuwa ananyonya. Redio iliisifu asubuhi na jioni. Watu wa asili ya Kasai, ambao wazazi wao waliletwa na Wabelgiji kufanya kazi za reli na migodi, walikuwa wakiambiwa warudi kwao. Wengi wao hawakuwahi kupaona huko kwao hata siku moja.

Mtawa aligawa familia kwa namba za nyumba. Hivyo mimi, binti wa watu wa Ziwa Tshangalele, nikaangukia kwa mama wa Kasai. Mtawa mwenyewe alitoka Ubelgiji, ambako nasikia nao wanagombana sana kwa sababu ya lugha, lakini hilo hakulileta darasani.

Kwa mazoezi tulikuwa na mwanasesere wa rangi ya waridi. Hakulia, hakukojoa wala hakuteleza. Nilimwogesha vizuri kuliko wenzangu wote, na kichwa kikaanza kunivimba.

Yule mama niliyepewa alikuwa mnene na mcheshi, mke wa fundi wa reli, mwenye watoto wanne na mimba ya tano. Wasichana walinionea wivu kwa mimba hiyo. Wawili kati yao walikuwa wamepewa nyumba zisizo na mtoto mchanga, na ikabidi waanze kutafuta wa kuazima. Mimi nilikaa nikisubiri, huku nikimfundisha mama faida za kuchemsha maji. Alijibu, "Ndiyo, mademoiselle," akaendelea kusonga bukari, ugali wa kwetu.

Wakati tumbo linakua, majirani waliacha kumsalimu. Bombani wanawake walimwachia zamu ya mwisho, hata akifika wa kwanza. Familia nyingine ya Kasai, mwisho wa barabara ile ile, ilivunjiwa milango, ikakimbilia Élisabethville, ambako askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za bluu, walikuwa na kambi ya watu waliofukuzwa. Mama niliyepewa alisema yeye haendi popote. Alizaliwa Likasi, na mama yake alizikwa Likasi. Mimi niliona ana haki. Hakuna aliyeniuliza.

Alhamisi moja nikakuta amejifungua mtoto wa kike. Nilifurahi kwa ajili ya mtihani, kisha nikamtazama mtoto, nikafurahi kwa ajili yake pia.

"Kwenu banakuita nani?" mama akaniuliza. "Haiko ile jina ya ubatizo."

Nikamwambia. Ni jina la bibi yangu mzaa baba. Sitaliandika hapa, lakini ni la watu wa ziwani, na yeyote wa kwetu akilisikia anajua mwenye nalo anatoka wapi.

"Basi njo jina yake," akasema, akimwonyesha mtoto kwa kidevu. "Muntu akiuliza, mutoto iko na jina ya hapa, tena iko na muntu yake hapa. Batatuacha."

Alisema hivyo waziwazi, bila kunizunguka, nami nilimpenda kwa hilo. Kwetu jina halitolewi kama pipi. Mtoto aliyepewa jina lako unamwita majina, yaani wajina, naye anakuita vilevile. Unamletea kitambaa cha kubebewa na kuku wa kwanza, na akikua anaingia nyumbani kwenu bila kubisha hodi. Tena si wewe tu. Ukiwa umerithi jina la bibi, mtoto naye anakuwa bibi yule yule. Maana yake ni kwamba baba yangu, mwanachama wa chama tawala, mwenye beji kwenye kola na maneno makali juu ya watu wa Kasai, jioni ile alipata mama mpya.

Nilipomweleza, baba aliacha kula hadi bukari ikapoa.

"Mama yangu eko kwa bantu ba Kasai," akasema mwishowe, "na minye siyue hata njia ya nyumba yake."

Alhamisi iliyofuata alinipa fungu la samaki wakavu wa Tshangalele. "Pelekea mama," akasema, asinitazame usoni. Beji hakuivua.

Siku ya mtihani mtawa aliketi kwenye kiti pekee cha nyumba, saa mkononi, penseli tayari. Nilipima joto la maji kwa kiwiko. Nilianza na macho, bila sabuni, kama tulivyofundishwa. Mtoto, tofauti na mwanasesere, alikuwa na maoni yake. Nilikuwa nimefika shingoni wakati vijana watatu wa chama waliposukuma mlango. Mmoja wao, aliyeshika mnyororo wa baiskeli, akaingia. Wawili wakabaki nje.

"Funga mulango," mtawa akasema bila kuinua macho. "Mutoto atashikwa na baridi."

Kijana akafunga mlango. Kwa kuwa alikuwa ameshaingia, alijikuta amejifungia pamoja na sisi, wanawake watatu, mtoto na beseni, wenzake wakiwa nje. Mama alisimama ukutani. Mimi nikaendelea kuogesha, kwa kuwa hakuna somo lililotaja la kufanya zaidi ya hapo. Mtoto mwenye sabuni anateleza kuliko samaki. Kijana alitazama kwapa, tumbo na mgongo vikioshwa. Nilipomtoa mtoto majini, taulo lilikuwa karibu naye. Akahamishia mnyororo mkono wa kushoto, akanipa taulo.

"Ule mutoto ni wa nani?" akauliza nikiwa nakausha.

"Ni majina yangu," nikasema, nikalitaja jina.

Akakunja uso, kama aliyetajiwa bibi yake. "Ile ni jina ya nkambo yangu. Ile jina ni ya kwetu, ya ku ziwa."

"Ndiyo, ya kwetu. Na mutoto ni wa kwetu."

Nikamwona analegea mabega. Nilihisi furaha ambayo sijaisahau. Niliona nimewaokoa wote saba, baba, mama na watoto watano, kwa jina moja na taulo moja, na kwamba chuo hakikuwa kazi bure.

Kijana alifikiri. Kwa namna yake alikuwa mtu wa kupima mambo.

"Basi mutoto abakie," akasema. "Ni wetu. Bale bengine barudie kwabo. Siku ya Mungu tukikuja, tusibakute."

Siku ya Mungu ni Jumapili; zilibaki siku tatu. Akamuaga mtawa kwa Kifaransa safi. Akafungua mlango kiasi cha kupita tu, akaufunga nyuma yake taratibu, baridi isiingie.

Nilipewa kumi na saba. Alama moja ilipotea nyuma ya masikio ya mtoto, mbili kwa kuzungumza wakati wa kukausha. Mtawa alipomaliza kuandika aliweka penseli mfukoni, akabaki ameketi, shingo imemwiva kwa hasira. Kesho yake alikwenda kwa mkubwa mmoja wa mji kulalamika. Alipewa kahawa.

Nyumbani nilieleza kila kitu. Ijumaa baba alisikia watu wa Kasai wanakodi lori, akatoka kazini mapema, akasogeza kitanda changu hadi ukutani, akapima kwa mikono nafasi iliyobaki.

"Mama yangu hatasafiri juu ya lori mu hii mvula," akasema. "Bamuache hapa. Mambo ikitulia, batarudia kumubeba."

Jumamosi nikaenda na kitambaa kipya begani. Sikwenda kwa kutumwa tu. Nilimtaka yule mtoto. Tangu Alhamisi nilikuwa namsikia mikononi, uzito wake na joto lake, na nilikuwa nimeshajishawishi kwamba kubaki nami ndiyo salama yake.

Mama alikuwa anafunga godoro kwa kamba, goti likiwa juu yake. Nikamweleza alichosema baba. Akanisikiliza hadi mwisho, kama alivyosikiliza habari za maji ya kuchemsha.

"Nilimupa jina yako juu tubakie shiye bote," akasema. "Haikukuwa juu ya kukuachia yeye."

Kisha akanionea huruma, nadhani, maana akacheka. "Na maziwa utatoa wapi, mademoiselle? Ku masomo banafundisha na ile?"

Nikakaa chini nikalia, kitambaa usoni. Yeye hakulia. Alikuwa na godoro la kumalizia.

Lori lilikodiwa na familia kadhaa za Kasai, liwafikishe kwenye ile kambi ya Élisabethville, wangoje treni ya kwenda kwao. Mume alipandisha sufuria na watoto wakubwa, mama akapanda mwisho. Mtoto nilimbeba mimi, katika kitambaa changu, hadi ubavuni mwa lori. Nikamwita kwa jina letu, kumuaga.

"Usimwite tena vile," mama akasema kutoka juu. Hakusema kwa ukali. "Kule tunaenda, ile jina itamuletea mambo."

Nilielewa. Huko Kasai jina la watu wa ziwani lingekuwa hatari kama lao huku kwetu. Nikamwinua mtoto kwa mikono miwili.

"Sasa utamwita nani?"

"Afike kwanza," akasema, akampokea.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu, mvua imeanza. Baba alikuwa mlangoni. Alitazama kifua changu, pale ambapo mtoto angekuwa, akaniuliza kama lile lori lilikuwa na turubai.

Nikamwambia halikuwa nalo.