Hamu ya Wodi

Mwaka ule niliajiriwa kwa miezi michache kutafsiri dodoso la wanasaikolojia linalopima jinsi mtu anavyoipenda kazi yake. Lilikuwa la Kiingereza, nasi watafsiri wawili tulitakiwa kulileta kwenye Kiswahili ambacho nesi wa Temeke na fundi wa Tegeta wangekielewa sawasawa. Tulikwama kwenye neno la kwanza kabisa, "passion". Mwenzangu aliandika "mapenzi ya kazi". Mtu wa tatu, ambaye hakuwa ameliona dodoso la awali, alipoyarudisha kwenye Kiingereza yakawa mahusiano ya kimapenzi ofisini. Mie niliandika "shauku". Lilikuwa neno sahihi, ila sikumbuki kumsikia mtu wa nyumbani kwetu akilitamka.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuwasomea watu sentensi zetu na kuwauliza wamezielewaje. Nikaanza na mama mkubwa, dada wa mama yangu, aliyenilea Kipawa. Alikuwa mkunga maisha yake yote, na sasa alikuwa na mwaka mmoja tangu astaafu.

Nilimkuta uani anachagua mchele. Nikamwamkia, nikaketi, nikafungua karatasi zangu.

"Siwezi kuishi bila kazi yangu," nikasoma. "Unakubali au hukubali?"

"Mbona naishi," akasema. "Andika sikubali."

Nikaandika. Ndege ikapita juu ya bati, tukanyamaza mpaka ikaenda zake.

"Nina shauku na kazi yangu."

"Shauku ndiyo nini hasa, mwanangu?"

Nikamweleza: kitu kinachokuvuta, unachokifikiria hata ukiwa mbali nacho. Akaendelea kutoa chuya moja moja.

"Hiyo si hamu tu? Mie nina hamu ya wodi. Nina hamu ya kile kimya mtoto akishatoka, kabla hajalia. Unamfuta mgongo, unamsubiri. Akilia, na mama yake analia." Akasukuma ungo pembeni. "Sasa hivi nikisikia kichanga kwa jirani, nasimama kabla sijajijua."

Utotoni niliionea wivu wodi ile. Ilimchukua hata siku za sikukuu, pilau ikiwa bado jikoni. Nikamwuliza swali ambalo halikuwemo kwenye dodoso.

"Na ulipokuwa kule, ulikuwa na hamu na sie?"

Akanitazama kidogo. "Kila siku. Ndiyo maana nilikuwa nachoka vile."

Kikao cha wataalamu hakikulikubali neno lake. Walisema mtu akisoma "nina hamu ya kazi" atadhani anaulizwa kama anatafuta ajira. Walikuwa na hoja, sikubishana. Shauku ikabaki, na maelezo mafupi chini yake.

Jumamosi moja baada ya hapo, mama mkubwa akaniomba nimsindikize hospitali alikofanya kazi. Alivaa kitenge kipya. Mlangoni mwa wodi ya wazazi alitoka mkunga kijana, mgeni pale.

"Shikamoo, bibi. Mmekuja kumwona nani?"

"Marahaba. Tunapita tu," akajibu.

Yule binti akarudi ndani, akafungua bomba. Mama mkubwa akabaki amesimama, anachungulia kupitia upenyo wa mlango, nami sikumharakisha. Tulipofika nje akanishika mkono.

"Ananawa vizuri," akasema. "Mpaka viwiko."