Alikokula Melkiori Mjini Hamburg

Watu wengine waliokwenda Ulaya walirudi na mashavu. Melkiori alirudi suruali ikiwa imefungwa kwa kamba, na kwa sababu hiyo alijulikana kijiji kizima cha Mitundu.

Chama cha ushirika wa wafuga nyuki ndicho kilichomtuma. Alikwenda Hamburg, mji wa bandari wa Wajerumani, akaone jinsi nta na asali ya mapori ya Itigi inavyopimwa ikishushwa melini. Alitakiwa arudi mtaalamu wa nta, na kweli alirudi mtaalamu, ila hakuna aliyemwuliza habari za nta. Watu walitaka habari za njaa, naye aliwapa bila choyo.

“Siku ya kwanza,” alikuwa akianza, huku wenzake wakitua majembe pembeni mwa shamba la kijiji, “nimeingia kwenye kantini ya bandarini. Mama mmoja akanisogezea sahani imejaa. Nikajipapasa tumbo, nikasema asante, nimeshiba. Si ndivyo tulivyolelewa? Nikakaa nasubiri anisihi. Akaichukua ile sahani akampa mtu mwingine.”

Hapo watu walianza kushika mbavu.

“Nikajiambia, kosa ni langu, nimekataa kwa ukali. Kesho yake nikakataa kwa upole zaidi.”

Njaa yenyewe ilikuwa ya siku chache tu mwanzoni, na ile kamba ya suruali ilitokana na mkanda uliokatika safarini. Lakini kila aliposimulia aliirefusha kidogo, kama mtu anavyoongeza maji kwenye uji wageni wakizidi, na baada ya miaka michache ilikuwa imechukua safari yote. Katika simulizi hizo mjinga alikuwa yeye mwenyewe siku zote. Hakumsema mtu mwingine vibaya, kwa hiyo hakuona madhara yoyote. Alijiona hata kuwa mtu mnyenyekevu.

Mwaka ule kijiji kilipokuwa kinajenga ghala la pamoja, chama kikapata nafasi nyingine ya Hamburg. Safari hii alichaguliwa Selina, binti aliyechuja nta safi kuliko mtu yeyote kwenye kituo cha chama. Jina lilitakiwa kuthibitishwa kabla gari la chama halijarudi Singida siku ya Jumamosi, la sivyo nafasi ingekwenda mkoa mwingine. Baba yake, mzee Mughwai, alikataa. Hakugomba wala hakueleza mengi. Alisema tu kwamba hakumlea mtoto ili akafe njaa kwenye nchi ya baridi.

Selina alimfuata Melkiori kituoni, akamkuta anapanga madebe.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Hongera ya safari.”

“Safari gani? Baba amekataa, na anayetajwa ni wewe. Anasema mtu mzima, mwanamume, alikwenda kule akarudi mifupa. Nikisema kule kuna chakula, ananiuliza kama namjua Melkiori.”

Melkiori alitaka kucheka, akaona uso wa Selina, akaacha.

“Nitakwenda kumwambia.”

“Umwambie vizuri, kaka. Usichekeshe.”

Jioni ile aliingia uani kwa mzee Mughwai. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda pamoja na jirani yake Paskali, na Martha, mama yake Selina, alikuwa anapepeta mtama. Melkiori aliwaamkia. Paskali alikuwa ameshaanza kutabasamu.

“Mzee,” alisema Melkiori, “nimekuja kwa ajili ya Selina. Kule Hamburg chakula kipo.”

Paskali alicheka mpaka akakohoa. “Haya, endelea. Kipo, ila kinakimbia?”

“Nasema kweli, ndugu yangu. Kantini ya bandarini inapika kila siku ya kazi. Karibu na stesheni kuna vibanda vya soseji, watu wanakula wamesimama.”

“Wamesimama,” alirudia mzee Mughwai. “Kama wanafukuzwa.”

“Wana haraka tu, mzee. Halafu Jumapili alfajiri kuna soko la samaki mtoni. Anayetoka kulewa na anayekwenda kanisani wanakutana pale, kila mmoja ameshika mkate uliotiwa samaki.”

“Na wewe umeishikilia nguzo, unanusa,” alisema Paskali.

“Niliula.”

“Huyu leo kaja na mpya,” alisema Paskali, akijifuta machozi.

Melkiori aliendelea. Alieleza chakula cha mabaharia, nyama ya chumvi iliyopondwa na viazi na bitiruti mpaka ikawa nyekundu, juu yake yai la kukaanga na pembeni samaki wa siki. Kadiri alivyokieleza kwa uaminifu ndivyo kilivyozidi kuonekana kama utani. Hata mzee Mughwai aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Ilimjia Melkiori kwamba amefanya kazi yake vizuri mno. Kwa miaka mitano amewafundisha watu wacheke akifungua mdomo, na leo anawaomba wasicheke, kwa mdomo uleule.

Martha peke yake hakucheka. Aliweka ungo chini.

“Baba Selina, ngoja nimwulize mimi. Melkiori, hivyo vyakula tumesikia. Ulikula na nani?”

Swali hilo hakuna aliyewahi kumwuliza.

“Mwanzoni nilikula peke yangu, mama, na aibu ilikuwa kubwa kuliko njaa. Halafu jioni moja niliingia kwenye nyumba yao ya bia. Kule kila mtu ana glasi yake. Mimi sikujua. Nikanunua yangu, nikanywa kidogo, nikampitishia mzee aliyekaa kando yangu, kama tunavyopitisha kibuyu. Watu wakanyamaza, wakatutazama. Yule mzee akaitazama glasi, akanitazama mimi. Nikajua leo napigwa.”

“Akakupiga?” aliuliza Paskali kwa matumaini.

“Akanywa. Akanirudishia. Halafu akaagiza yake, akanywa kidogo, akanipitishia. Alikuwa mpakuaji wa mizigo. Jumapili iliyofuata alinipeleka kwake. Mkewe alinipa chakula, nikakataa, yule mzee akamwambia neno. Yule mama akanisihi mara ya pili. Tangu siku hiyo nilikula kwao kila Jumapili mpaka naondoka. Huyo mama yupo, anwani yake ninayo. Na mjini kuna nyumba za kahawa na keki ambamo wanawake hukaa mchana kweupe, hakuna anayewashangaa. Selina hatakosa pa kukaa wala wa kukaa naye.”

Hakuna aliyecheka. Melkiori, aliyezoea kelele za watu, hakujua mikono aiweke wapi.

“Mbona hilo hukulisema miaka yote?” aliuliza mzee Mughwai.

“Halichekeshi, mzee.”

“Kumbe ulikuwa unakula.” Sauti ya mzee ilikuwa ya mtu aliyeibiwa. “Mimi nakuhurumia. Kila ukifika hapa namwambia mama Selina, mpe mnofu huyo, ameteseka. Minofu yote ile.”

“Ilinisaidia pia, mzee.”

“Nyamaza.” Mzee alichora chini kwa fimbo, akafuta, akachora tena. “Atakwenda. Lakini wewe utakuja hapa kila Jumapili mpaka arudi. Utatusimulia hayo ya kushiba. Ya njaa sitaki kuyasikia tena, wala usimpe mtu mwingine.”

Selina aliondoka na gari la Jumamosi. Jumapili ya kwanza Melkiori alifika, na Paskali naye alikuja, akakaa kwa muda, akaona hakuna mtu anayeanguka wala kuaibika, akaaga kwamba ana ng'ombe wa kuangalia. Walibaki wazee wawili. Melkiori alisimulia soko la samaki toka mwanzo, pole pole, bila chumvi yoyote, na alijisikia mwenyewe kuwa anachosha. Mzee Mughwai alisikiliza amefumba macho.

“Huyo samaki wa kwenye mkate,” alisema Martha, “ana miiba? Maana Selina hajazoea samaki. Hapa tunapata wale wakavu tu.”

“Wanaitoa kabla, mama.”

“Yote?”

“Yote.”

Martha alifikiri, kisha akamwomba arudie pale wanapotoa miiba.