Juu ya Matofali

Asubuhi ile mke aliamka kabla ya mumewe, akaanza kunung'unika. Chai haikukolea sukari. Aliyeipika ni yeye mwenyewe, lakini lawama alimtupia mume.

"Ungekuwa unanunua mapema, nisingekuwa napima kwa kijiko."

Mume akanywa mpaka tone la mwisho. Hiyo ndiyo iliyokuwa amani yao. Mke akakaa mlangoni na sindano yake kubwa, akaendelea kushona magunia.

Kazi yake maisha yote ilikuwa hiyo. Wenye mahindi walimletea magunia yaliyotoboka, akayaziba. Watu walimwita Mama Gunia, ingawa mtoto hakujaliwa. Jina hilo lilianzia kwa wifi yake, dada mkubwa wa mume, wala halikuanza kwa mapenzi. Miaka ilipopita bila mtoto, wifi alisema mbele za watu: "Kaka yangu kaoa gunia tupu." Watu wakacheka. Jina likaganda.

Siku hizo magunia yalikuwa ya mchanga. Mto ulikuwa umeshakula ukingo, kila mtu akijenga kizuizi mlangoni kwake. Mume alijaza kwa beleshi, mke akashona midomo ya magunia. Wifi naye walimwekea yake. Hakusema asante. Alisema yamepangwa vibaya.

Kabla jua halijapanda sana akapita mtu wa pikipiki na kipaza sauti. "Bwawa linafunguliwa leo! Vitu juu! Watu juu!" Akapita mbio, akaenda zake.

Mke na mume wakapakia godoro, unga na sufuria kwenye mkokoteni, wakasukuma mpaka shuleni, kilimani. Kijiji karibu chote kilikuwa pale. Mke akapepesa macho huku na huku.

"Dada yako yuko wapi?"

Hakuwapo, nao walidhani majirani wameshambeba. Mke akageuza mkokoteni.

Walimkuta kwake, mlango wa pili kutoka kwao. Mguu wake mmoja ulikuwa umekufa kwa kiharusi, kutembea hawezi. Alikuwa ameita wapita njia wakamwinulia kitanda, kila mguu wa kitanda juu ya rundo la matofali. Naye kajilaza huko kama malkia.

"Wifi, teremka tuondoke."

"Wamesema watu juu. Mimi niko juu. Unataka nipande wapi tena, mbinguni?"

"Juu ni kule kilimani, siyo juu ya matofali!"

"Alisema kilimani yule? Ulimsikia?"

Kweli, hakusema kilimani.

"Na maji yakifika hapo kitandani?"

"Yatanikuta na akili zangu. Kaka yangu umeshamla, kilichobaki ni kiwanja. Toka ndani mwangu!"

Mume akajaribu. "Dada, hebu msikilize."

"Nyamaza na wewe. Mwanamume mzima unaburutwa na gunia."

Maji yalikuwa yameanza kupenya kwenye magunia ya mlangoni, membamba, rangi ya udongo. Mke aliyatazama, akamtazama wifi. Hakubembeleza tena. Alipiga teke rundo moja la matofali. Kitanda kikalala upande, wifi akateleza na shuka lake, mume akamdaka. Wakambwaga kwenye mkokoteni.

Njia nzima alipiga kelele: mwizi, mchawi, muuaji.

"Usidhani nakupenda," mke akamwambia huku anasukuma. "Ukifa watasema mimi ndiye niliyekuacha. Nimesemwa vya kutosha."

Walipofika, wifi akashika kifua. Dawa zake za presha zilikuwa zimebaki dirishani.

"Mmenitoa kwenye maji ili mniue kwa presha."

Alikuwa anatweta kweli. Macho yalikuwa yamemgeuka. Huko chini maji yalikuwa bado ya vifundoni. Mume akasema ataenda yeye, mke akamkatalia, maana magoti ya mume yalikuwa yameshaisha kwa kupanda kilima mara mbili.

Mto ulikuja mke akiwa ndani ya nyumba ya wifi. Ukuta ulimwangukia. Dawa hazikuonekana. Mtu mwingine pale shuleni ndiye aliyemgawia wifi dawa zake mwenyewe.

Wifi yu hai. Nyumba hana, anakaa kwa kaka yake, na presha imetulia. Kaka humpelekea sahani, akaiweka, akaondoka. Salamu hakuna. Siku moja dada akamuuliza kaka yake, mke alisema nini pale mlangoni mwa darasa kabla hajateremka, kwa kuwa yeye alikuwa anatweta, hakusikia. Kaka akachukua sahani tupu, akatoka. Maneno yale ayasikie ili iweje?

Mke alikuwa amekunja nguo mpaka magotini. Alisema hivi:

"Kaa na dada yako. Akinitukana usinitetee, mwache atukane. Nataka nikirudi nimkute bado ana nguvu."