Feza hakuna mu film

Bandugu, munisaidie. Nilipatia mutoto jina ya mutu mwenye hakuko.

Munakumbuka ile film ya mapigano yenye ilitoka mu jeu vidéo, muchezo ya ku televizyo? Tulikuwa tunaiangalia mu salle ya video ya tonton Asumani, kule Lubunga.

Film ya Kiingereza. Tonton njo alikuwa anatutafsiria na micro mukononi, sauti yake juu ya film. Mule mulikuwa bibi mumoja, mupiganaji wa panga mbili, aliitwa Feza. Akikufa, watu wote mu salle wanalia.

Muzungu anaitwa Feza! Na hatukujiuliza.

Binti wangu nikamuita Feza.

Bon. Leo tumeiangalia naye, kwa Kifaransa.

"Papa, Feza atatokea wakati gani?"

Film ikaisha. Feza hakuna. Ule bibi iko na jina ingine, na hafi! Anapanda ndege, anacheka.

Na film yenyewe iko mubaya, weee!

Nikamupigia tonton simu.

"Tonton, unajua Kiingereza?"

"Hata neno moja."

"Na Feza?"

"Ule ni bibi wa Ubundu mwenye alikatala kuolewa na mimi. Nilikuwa nazima film mbele ya mwisho, namuua na micro kila siku ya dimanche."

Mutoto iko hapa, anangoja jibu. Nimuambie nini?

Mimi mwenyewe sijue tena nilikuwa nalilia nani.