Mpaka wa Miale na Simu ya Jabir

Nani kakwambia ujumbe wa simu hauui?

Jabir wa Mkoani ana boti ya mashine na simu ndogo ya tochi. Kwa miaka kumi na moja simu hiyo haikuzimwa, maana kila mwanamke wa kisiwani Makoongwe akishikwa na uchungu, anayepigiwa ni yeye, amvushe hadi hospitali ya Mkoani. Kwa mlio wake aliwahi kuacha futari mkekani, akaacha hata harusi ya bintiye.

Juzi alasiri ujumbe ulizagaa bandarini: leo miale ya kosmiki itapita karibu na dunia, asiyezima simu tangu magharibi hadi alfajiri ataungua. Wapagazi wakazima mmoja mmoja. Mimi nimesoma fizikia chuoni, damu ikanichemka.

"Uongo, Ami Jabir! Hivyo ni vichembe vinavyotoka mbali sana, na nguvu zao zina mpaka. Chenye nguvu za kupindukia hugongana njiani na mwanga hafifu uliojaa anga yote, kikachoka kabla hakijatufikia."

"Vyote huchoka, profesa?"

Ningesema ndiyo, yangeisha. Lakini sikuweza kuificha elimu.

"Vichache mno vimepimwa vikiwa vimeuvuka mpaka huo. Vinatoka wapi, bado hatujui."

"Ehee!" Maher, mpagazi, akapiga kofi. "Msomi mwenyewe kakiri! Zima, Jabir, usije ukababuka kama pweza."

Wakacheka. Nikapaza sauti kwamba hata hivyo vichache hupasukia juu hewani, wala havina habari na simu ya mtu. Nani alisikia?

"Na Mwatum je?" nikamwuliza Jabir. Mimba ya Mwatum wa Makoongwe ilikuwa imetimia, na mkunga alishamkataza kuzalia nyumbani.

"Usiku mmoja tu, mwanangu. Nina watoto sita."

Akabonyeza. Kioo kikawa cheusi.

Asubuhi yake niliona mtumbwi ukija Mkoani, wanawake wawili wakipiga kafi. Mwatum alikuwa kalala ndani, hai, macho juu. Mama yake, Bi Saada, alikumbatia kifurushi cha kanga kisicholia.

"Tumekupigia tangu isha," mmoja wa wapiga kafi alimwambia Jabir. "Hupatikani."

Jabir akaingia majini na nguo zake, mikono mbele.

"Shikamoo, Bi Saada."

Bi Saada akashukia upande wa pili, akampita.