Bega la Kushoto la Jaldesa

Jotham Komora, mchora mabango wa Garsen, alikuwa na kalamu nyekundu, na ulimi mkali kuliko kalamu hiyo. Mwanafunzi hakuwahi kudumu kwake. Yeye mwenyewe alifundishwa Malindi na fundi aliyechana karatasi kila mstari ulipopinda, akadhani ndivyo ufundi unavyorithishwa.

Mwaka wa pili baada ya mafuriko ya El Nino, akaja kwake kujifunza kuchora Gumato, mjane wa Kiorma aliyekuwa akiuza maziwa. Kila asubuhi akishamaliza kupimia wateja, aliketi juu ya ndoo ya rangi na kufungua daftari: mistari, duara, visanduku.

"Duara hili, Mama Sadia, ni yai. Tena yai viza."

"Basi mimi nataga ingine, mwalimu."

Akataga kweli, kurasa sita! Tatizo ni kwamba aliikaza penseli mpaka karatasi ikatoboka. Jotham akafikiri, akamwambia, "Ishike kama unakamua ng'ombe mwenye kidonda cha chuchu." Siku hiyo mistari ikatulia.

Zoezi la kuchora ng'ombe ndilo lililomvunja mbavu Jotham. Gumato alileta ng'ombe kumi na wawili, wote kwa nyuma: mikia, makalio, na ncha za pembe kwa mbali.

"Umewakosea nini hawa, mpaka wakakupa mgongo?"

Gumato hakucheka. "Mwalimu, mchungaji iko nyuma. Mimi najua ng'ombe hivyo."

Jotham, mtoto wa wakulima wa Kulesa, aliwajua ng'ombe kwa nyuso tu, wakiingia kwenye mahindi ya baba yake. Aliona haya, akauliza alichopaswa kuuliza tangu siku ya kwanza: mama huyu alitaka kuchora nini hasa?

"Jaldesa, baba ya Sadia. Maji ilichukua yeye na ng'ombe. Kipande yake ya serikali pia ilienda, na picha ingine hakuna. Sadia alikuwa ananyonya, sasa anauliza baba alikuwa namna gani. Na mimi, mwalimu, uso yake inaanza kunipotea."

Wakaanza nyuso. Macho, pua, midomo. Wiki mbili nzima Gumato alichora na kufuta, akisema, "Si yeye," na machozi yakidondokea daftari. Jotham, ambaye hakuwahi kumbembeleza mtu, alimwonea huruma mpaka akakosa usingizi. Asubuhi moja akamwambia, "Mama Sadia, achana na uso. Mchore ulivyomwona akiondoka."

Kesho yake Gumato akaleta mwanamume kwa nyuma, fimbo mabegani, mikono imening'inizwa juu yake, ng'ombe mbele wakielekea mtoni. Kwa mazoea Jotham akachomoa kalamu nyekundu.

"Bega la kushoto limeshuka."

"Ilishuka. Fahali ilivunja."

Jotham akairudisha kalamu mfukoni.

Siku mbili baadaye Gumato alikuja na maziwa, na bintiye wa miaka mitatu akimfuata nyuma. Sadia alikuwa amelaza kijiti mabegani, mikono ameining'iniza juu yake, bega la kushoto amelishusha, anatembea polepole.

"Nani amekufundisha kutembea hivyo?" Jotham akamuuliza.

"Baba," mtoto akasema, akapita.